Kinkondja: Nyumba Mpya Zijengwe Wapi?

Leo twawaalika tusafiri pamoja hadi Kinkondja, mji wa wavuvi katika jimbo la Haut-Lomami. Wengi wenu mmekwisha kula samaki wa huko bila kujua alikotoka. Mji wenyewe uko kando ya Ziwa Kisale, katika bonde pana la Upemba, ambamo mto Lualaba hupunguza mbio zake na kutawanyika katika maziwa na vinamasi. Twaenda huko kutazama jambo moja ambalo kila mji unaokua hukutana nalo. Wazee wa mji wasipolijibu mapema, mafuriko na wachuuzi wa viwanja hulijibu badala yao. Jambo lenyewe ni hili: nyumba mpya zijengwe wapi?

Tuanze safari yetu Lubumbashi. Gari la moshi latupitisha Likasi, Tenke na Lubudi, kisha lateremka hadi Bukama, penye daraja la reli juu ya Lualaba. Hapo abiria hugawanyika. Anayekwenda Kamina, Kananga au Ilebo hubaki garini. Anayekwenda Kinkondja hushuka na mizigo yake, akaenda ukingoni kutafuta chombo. Kuanzia Bukama mto huchukua vyombo mpaka Kongolo, mwendo wa yapata kilomita 640. Baada ya Kongolo maporomoko huifunga njia ya maji, na kwa sababu hiyo reli ilijengwa kutoka hapo hadi Kindu.

Njia hii haikutengenezwa kwa siku moja. Reli iliyotoka kusini ilifika Lubumbashi, ulioitwa Elisabethville wakati ule, mwaka 1910. Ilifika Bukama mwaka 1918. Miaka 10 baadaye, mwaka 1928, iliunganishwa na bandari ya Ilebo kwenye mto Kasai, na mwaka 1956 likafunguliwa tawi la kutoka Kamina hadi Kabalo. Mwaka 1974 makampuni yaliyoziendesha reli hizo yaliunganishwa kuwa shirika moja la taifa, ambalo leo laitwa SNCC.

Ninyi wanafunzi, fungueni ramani zenu, mweke kidole juu ya Kamina. Mtaona njia za chuma zikikutana hapo: moja yatoka Bukama, moja yaenda Kananga, moja yaenda Kabalo. Haishangazi, basi, kwamba mwaka 2015, majimbo yalipogawanywa upya, Kamina uliwekwa kuwa mji mkuu wa Haut-Lomami. Mahali ambapo njia hukutana, watu hukutana. Na watu wakikutana, hujenga.

Sasa tuingie chomboni. Hapa hakuna basi wala teksi. Kuna mitumbwi ya kuchonga, na kuna mashua kubwa za mbao zenye injini, ambazo abiria hukaa juu ya magunia. Kwenda hupeleka sabuni, chumvi, nguo, mabati, dawa na madaftari ya shule. Kurudi huleta samaki waliokaushwa kwa moshi, vikapu kwa vikapu. Mara nyingi chombo hubeba kupita kiasi, na kila mwaka katika mito na maziwa ya Kongo watu wengi hufa maji kwa sababu hiyo. Magari ya moshi nayo siku hizi ni machache, wala saa zake hazitegemeki. Msafiri aliyekosa gari Bukama huweza kungoja siku nyingi. Twayasema haya ili msidhani kwamba twasifu hali ilivyo. Walakini, hata chombo kibovu ndicho njia ya mji, na mji wasimama kwa njia yake.

Kadiri tukaribiavyo Kisale, mafunjo hutuzunguka kila upande. Sehemu kubwa ya ziwa hilo imefunikwa nayo, na vyombo hupita katika njia zilizofunguliwa katikati. Mafunjo hayo hushikana mizizi hata yakawa kama ardhi inayoelea, na wako wavuvi waliozoea kuweka vibanda vyao juu yake. Mtu wa mlimani akiambiwa hivyo hucheka. Lakini mvuvi anajua kwa nini afanya hivyo: ataka kulala karibu na nyavu zake na karibu na njia ya mashua.

Desturi hiyo ya kukaa kando ya maji ni ya kale sana. Huko Sanga, kando ya ziwa hilihili, wataalamu walianza mwaka 1957 kuchimba makaburi ya watu wa zamani, wakafukua zaidi ya 100. Waliona vyungu vizuri, vyombo vya chuma na mapambo ya shaba. Makaburi mengi yalikuwa ya miaka iliyo kati ya karne ya 8 na ya 14. Shaba haipatikani katika vinamasi vya Kisale. Ililetwa kutoka nchi ya kusini. Maana yake ni kwamba, miaka 1,000 iliyopita, wavuvi hawa tayari walikuwa wakibadilishana mali na watu wa mbali. Wazee wetu hawakusoma elimu ya kupanga miji, lakini walijua mahali pa kujenga: pasiwe mbali na njia ya mali, wala pasiwe ndani ya maji.

Katika maneno hayo mawili, njia na maji, ndimo lilimo fumbo lote la Kinkondja. Kwa mji huu ni vigumu kuyapata mema yote mawili pamoja. Mahali pazuri pa kupandia chombo ni ukingoni, na ukingo ndio unaofurika. Mahali pakavu pako juu zaidi, na huko chombo hakifiki. Kila mwaka mvua huanza yapata mwezi wa Oktoba na kuendelea mpaka Aprili. Mto hujaa, maziwa hupanuka, vinamasi vyaungana. Nyumba ya udongo iliyosimama vema wakati wa kiangazi hulainika chini, ikainama, ikaanguka. Choo hufurika, maji ya kisima huchafuka, na kipindupindu hupata mlango wa kuingilia.

Kijana aliyeoa jana, atakaye kujenga, ana majaribu mawili mbele yake. La kwanza ni kubana nyumba yake ukingoni kabisa, kati ya nyumba za wengine, karibu na mashua na soko. Atakuwa karibu na kazi yake, lakini mvua kubwa moja yaweza kumwondolea nyumba, nguo na akiba ya mwaka mzima. Jaribu la pili ni kwenda mbali, kwenye kiwanja kikubwa cha bei ndogo. Huko maji hayamfikii. Lakini na tuhesabu gharama. Mke wake auza samaki. Atabeba kikapu kichwani asubuhi na jioni, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi. Mtoto akishikwa na homa usiku, zahanati iko mbali. Shule iko mbali. Mashua yaondoka alfajiri, naye hawezi kuiwahi ila alale bandarini. Baada ya miezi michache utaona kibanda kipya ukingoni: amerudi. Sasa ana nyumba mbili, na hata moja haimfai.

Labda mtu atasema kwamba tunatunga hadithi. Basi na tuvuke Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie, tufuate reli ya kati ya Tanzania mpaka Dar es Salaam, kwa kuwa mji ule umekwisha kuyajaribu majibu yote mawili na kuyalipia. Dar es Salaam ni mji wa mamilioni ya watu, Kinkondja ni mji mdogo. Lakini mvua ni mvua, na mwendo wa mguu ni uleule.

Katikati ya Dar es Salaam hupita bonde la mto Msimbazi. Watu wengi wenye kipato kidogo walijenga humo, hasa sehemu za Jangwani, kwa kuwa toka hapo mtu huenda sokoni Kariakoo kwa miguu. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika, na watu zaidi ya 40 wakafa mjini. Serikali ikawahamisha wengi wa waliopoteza nyumba, ikawapa viwanja Mabwepande, kaskazini mwa mji, yapata kilomita 30 kutoka katikati. Viwanja vilikuwa pakavu. Lakini kazi zao, wateja wao na shule za watoto wao zilibaki kulekule mjini, na nauli ilikula mapato ya siku. Baadhi yao wakarudi bondeni, wakijua hatari yake. Je, walikuwa wapumbavu? Hasha. Walipima hatari ya mvua, ijayo mara moja moja, wakaipima na njaa, ijayo kila siku.

Mwaka 2016 mji huohuo ulianza mabasi yaendayo haraka, ambayo watu huyaita mwendokasi. Yana njia yake peke yake katika Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi yake. Urefu wote wa awamu ile ya kwanza ni yapata kilomita 21. Ni kazi kubwa yenye manufaa. Lakini karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, katika bonde lilelile. Mvua zikaja, maji yakaingia kati ya mabasi, na mara kadhaa njia ikafungwa. Baadaye ukatungwa mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2022. Ndani yake mna daraja jipya la Jangwani na kuihamisha karakana kutoka bondeni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa twaona kwamba ukuta huo hujengwa kwa deni.

Lakini Dar es Salaam ina fundisho jingine, la kutia moyo. Katika miaka ya 1970 serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kabla ya watu kufika. Haikuwajengea watu nyumba. Iliweka mipaka, ikaacha nafasi za barabara, ikaleta maji, kisha kila mtu akajenga kwa nguvu zake, chumba kwa chumba. Wachumi waliochunguza mitaa hiyo miongo mingi baadaye waliona kwamba nyumba zake ni bora kuliko za mitaa iliyojengwa kwanza na kupangwa baadaye. Ndugu zangu, kamba ya kupimia na vigingi si vitu vya gharama kubwa. Vikitangulia nyumba, hufaa vizazi vitatu. Vikichelewa, ni lazima kubomoa, na nyumba inayobomolewa ni ya mtu.

Hata Ulaya walilazimika kujifunza. Mwaka 1947 wapangaji wa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, waliuchora mji wao kwa mfano wa mkono. Kiganja ni mji wa zamani. Vidole vitano ni njia za reli zitokazo mjini. Nyumba mpya, walisema, zijengwe juu ya vidole, karibu na vituo. Nafasi iliyo kati ya vidole ibaki mashamba na miti. Mwaka 1954, karibu na Stockholm huko Uswidi, ulifunguliwa mtaa mpya wa Vällingby. Kituo cha reli kiliwekwa katikati pamoja na maduka. Majengo marefu yakakaribia kituo, nyumba ndogo zikafuata nyuma yake. Kanuni yake mtoto aweza kuikumbuka: walio wengi wakae mahali pa kutembea hadi kituoni.

Sasa turudi Kisale na mfano wa mkono. Kinkondja hakina reli, lakini kina kiganja chake, nacho ni gati. Vidole vyake ni njia za miguu na barabara zinazotoka gatini kwenda sehemu zilizoinuka. Nafasi za chini kati ya vidole ni za maji yenyewe, nazo haziwi bure hata kidogo. Humo watu hulima mboga wakati wa kiangazi, huanika nyavu, hutengeneza mitumbwi. Maji yakija, hukuta majani, hayakuti vitanda vya watoto.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: nyumba mpya zijengwe juu ya mwinuko wa kwanza usiofikiwa na maji, mwendo wa robo saa, au nusu saa kwa wingi, kutoka gatini, tena zipangwe kufuata njia moja iliyoinuliwa, ambayo hupitika hata mwezi wa Machi. Njia hiyo ndiyo itangulie. Wengi hujenga nyumba kwanza, wakidhani njia itakuja yenyewe. Njia haiji. Nyumba huziba mahali pake, na siku ya kuleta maji ya bomba au kupitisha gari la wagonjwa watu hutazamana. Kwanza njia, kisha vigingi, kisha nyumba.

Tena, gati lenyewe listahili heshima. Mashua husimama penye matope, mama wajawazito hushuka kwa kurukia ubao, na magunia huloa. Gati imara lenye ngazi, paa la kungojea, taa na mtu wa kuhesabu abiria ili chombo kisizidishwe, hilo lingefaa mji zaidi kuliko majumba mengi. Mtu akihakikishiwa kwamba mashua itaondoka saa iliyosemwa, hana haja tena ya kulala ukingoni. Saa inayotegemeka huwavuta watu kutoka majini kwa upole kuliko amri ya kubomoa.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito. Mahali penye njia nzuri, ardhi hupanda bei. Hapo huja mwenye fedha, akanunua viwanja kumi, akaviacha majani yakiota, akingoja bei ipande zaidi. Mvuvi na mchuuzi, ambao gati lilijengwa kwa ajili yao, husukumwa nje, mmoja bondeni, mwingine mbali. Sheria ya mwaka 1973 yasema kwamba ardhi ya Kongo ni mali ya taifa. Walakini, mahali pengi watu wakitaka mahali pa kujenga humwendea chifu. Basi yawapasa wote wawili, chifu na mwenye ofisi ya ardhi, kukaa pamoja kabla gati halijatengenezwa wala njia haijainuliwa, wapime viwanja vidogo karibu, wavigawe kwa wenye kuvihitaji, na kuandika majina ya mume na mke pamoja. Kila aliyepewa ajenge katika muda uliowekwa, la sivyo kiwanja kipewe mwingine. Wafanye hivyo hadharani, mchana, mbele ya watu. Kiwanja kigawiwacho gizani huzaa kesi mchana.

Nanyi wazazi na wanafunzi, msiseme kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Kuna kazi mnayoweza kuifanya msimu huu, bila fedha. Maji yakifika juu kabisa, tieni alama ya rangi juu ya miti, kuta na nguzo, muandike mwaka. Waulizeni wazee maji yalifika wapi walipokuwa vijana, mtie alama hapo pia. Kisha hesabuni dakika za kutembea kutoka gatini mpaka kila sehemu ya mji, mkitembea mwendo wa mama mwenye mzigo, msiende mbio kama vijana wa mpira. Andikeni yote katika daftari moja. Mwalimu wa hesabu atapata somo, na mwalimu wa jiografia atapata ramani.

Daftari hilo mpelekeeni chifu. Mwenye kutaka kuuza kiwanja atakuja na maneno mazuri, atasema mahali hapa hapajawahi kufurika, au atasema gari litapita hapa mwakani. Chifu atafungua daftari, na ninyi mtasoma pamoja naye.